Kura yako moja ya Amu unaiona ndogo? Hebu tuihesabu hapa

Mwana_wa_Mkomani

Asalaam aleikum wanajamvi. Uzi huu utakuwa mrefu kidogo, mwenye haraka apite.

Juzi baada ya isha tulikuwa barazani hapa Mkomani, kahawa na kashata kama kawaida, maneno yakaingia kwa uchaguzi wa 2027. Kijana mmoja akasema yeye hajiandikishi ng'o, kura yake moja itafanya nini kwa mamilioni ya watu. Wenzake wakacheka. Mimi nikanyamaza, manake neno hilo nimewahi kulisema mwenyewe na bado linaniuma.

2017 nilikuwa Mombasa nafanya kazi ya duka, jina langu la kura liko Amu, yaani Lamu. Nikapiga hesabu. Nauli ya basi kwenda na kurudi, siku tatu bila malipo, alafu mnakumbuka ile njia ya Gamba mpaka Hindi wakati ule, mabasi yanangojana yaondoke kwa msafara na polisi mbele na nyuma, mama yangu mwenyewe akinipigia simu kila saa ananambia usije mwanangu, kaa huko huko. Nikakaa. Nikajiambia mtu mmoja bwana, debe halitajua kama sikuja.

Matokeo ya ugavana yakatoka. Fahim Twaha na Issa Timamy kila mmoja ana elfu 22 na ushei, na kilichowatenganisha ni kura mia moja na kitu. Kaunti nzima! Kutoka Kiunga mpaka Witu, visiwa vyote, mia moja na kitu. Sisemi mimi ningempa nani, hilo ni langu na Mola wangu. Lakini usiku ule sikulala, nililala chali nikaanza kuhesabu kwa vidole watu ninaowajua ambao hawakupiga. Chumba chetu Majengo, kule Mombasa, tulikuwa vijana sita wa Amu, hakuna aliyesafiri hata mmoja. Dada yangu alikuwa na mtoto wa siku nane. Ami yangu aligombana na agenti mmoja wa chama mlangoni akarudi nyumbani kwa hasira. Fundi wa nyuma ya msikiti, wanawe wawili. Nikafika 41 na sijatoka mtaa wetu.

Sasa nambieni, 41 kwenye mia moja na kitu ni watu wadogo?

Na jambo lengine ambalo watu wa Amu hatulifikirii. Sisi ndio kaunti yenye wapigakura wachache kuliko zote Kenya, 2022 tulikuwa elfu 80 na kitu tu. Nairobi ni milioni 2 na laki 4. Lakini seneta Nairobi ana mmoja na sisi tuna mmoja, gavana mmoja na mmoja, mwakilishi wa wanawake mmoja na mmoja. Kwa hio kura ya mtu wa Langoni hapa Amu kwenye kiti cha seneta ni kama kura 30 za mtu wa Nairobi. Na rais naye mbali na nusu ya kura anatakiwa apate robo ya kura kwenye kaunti zisizopungua 24, na pale Amu inahesabiwa kaunti moja kamili sawa na Nairobi. Uchache wetu ndio unaoipa kura yetu uzito na sisi tunaufanya sababu ya kulala.

Haya, karibuni. Wa kutukana atukane kwa adabu.

KobeMzee

Hadithi tamu, ami. Lakini umeruka pahala. Kura inapigwa mchana inaibiwa usiku, hio mia moja na kitu yako nani alikwambia ndio yenyewe? Alafu hata ikiwa yenyewe, 2022 Timamy akarudi kwenye kiti, sasa pweza kapanda bei au kashuka? Mafuta ya boti je? Mimi tangu nizaliwe naona mabango yanabadilika sura, jeti ni ile ile.

Kijana_wa_Gongoni

Naingilia kutoka huku Malindi. Mwana wa Mkomani wewe unalia na mia moja na kitu, njoo kwetu Magarini nikuonyeshe. 2022 kiti cha ubunge Harrison Kombe alipata 11,946, Stanley Kenga 11,925. Toa mwenyewe. Ishirini na moja!! Hio ni matatu moja ya abiria 14 na nusu ya nyengine, wasimamishwe na polisi pale daraja la Sabaki kwa sababu ya leseni, mbunge mwengine.

Kesi ikaanzia mahakama ya hapa Malindi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, ikaisha kwa kura kurudiwa, 27 Novemba 2025, na Kombe akashinda tena. Hesabuni miaka. Tangu Agosti 2022 kiti chetu kilikuwa cha kesi, kisha cha kungoja kura irudiwe, mpaka mwisho wa 2025. Ukienda na shida yako ya basari unaambiwa ngoja kesi. Mimi siku ile ya 2022 nilipiga, lakini shemeji yangu tunayekaa naye nyumba moja alisema jua kali. Mpaka leo tukikosana hilo ndilo ninalomtolea.

KobeMzee

@Kijana_wa_Gongoni si umenisaidia mimi? Mahakama imefuta, manake mambo hayakuwa sawa. Ndio nasema. Ukipiga usipige yafanyika ya kufanyika.

Karani_Dada

Naomba nijibu hapa kwa sababu mimi 2022 nilikuwa karani wa kituo, sitasema kipi. Watu wengi mnaosema kura inaibiwa hamjawahi kukaa chumbani usiku zikihesabiwa.

Iko hivi. Saa 11 jioni geti linafungwa, aliye ndani ya foleni anapiga, hata wakiwa mia mbili. Alafu debe linafunguliwa pale pale, halibebwi kwenda popote. Msimamizi anaitoa karatasi moja moja, anaikunjua, anaiinua juu, agenti wote wanaiona, anataja jina, inawekwa kwa rundo lake. Moja moja. Madebe sita. Kituo kimoja hakizidi watu 700 kwenye orodha, kwa hio sio bahari, ni rundo ambalo unaliona kwa macho. Sisi tulimaliza alfajiri, taa ya solar inafifia, mwenzangu amevimba miguu.

Sasa nitawaambia kitu ambacho sijakisahau. Ikaja karatasi moja, ya udiwani, alama imewekwa katikati ya mstari, nusu kwa huyu nusu kwa yule. Mkono wa mtu mzima, unaona ule mtetemeko wa wino. Agenti wa huku anasema yangu, wa kule anasema yangu, wa tatu anasema itupwe. Walibishana karatasi hio moja dakika ishirini. Msimamizi akatoa kitabu chake akasoma, sheria inasema alama hata ikikaa vibaya, ikiwa nia ya mpigakura inaonekana wazi basi kura haitupwi. Wakaigeuza, wakaisogeza karibu na taa, nia haikuonekana, ikakataliwa. Na mimi nikawa namuwaza yule mzee. Aliamka labda saa 10 usiku, akapanga foleni na fimbo yake, na kila mtu chumbani anajua uzito wa kura yake isipokuwa kijana aliyebaki nyumbani akisema haina maana.

Wanaotafuta kura hawajawahi kusema kura moja haina maana, jiulizeni kwa nini.

Kuhusu wizi sitasema haupo, mimi sio malaika. Lakini matokeo yakiisha kujazwa kwenye fomu, agenti wanatia saini, wanapewa nakala, na nakala moja inabandikwa mlangoni pa kituo. Ya rais ni 34A. 2017 mahakama ya rufaa ilisema kwenye ile kesi ya Maina Kiai kwamba kilichotangazwa kituoni ndio cha mwisho, Nairobi haiwezi kukibadilisha. Mwaka ule ule tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa rais mzima. 2022 fomu za 34A zikawekwa kwenye mtandao mtu yeyote azijumlishe mwenyewe, na watu walijumlisha, mpaka vituo vya televisheni vilikuwa vinashindana kujumlisha. Mwizi anapenda kituo ambacho watu hawakuja, majina yamelala tu kwenye orodha. Kituo kilichojaa ana kazi.

Shemeji_wa_Chake

Mimi nimeoa Amu lakini kwetu Pemba. Mnaongea mia moja na kitu sijui 21, sisi kwetu ni MOJA.

Januari 1961, Zanzibar chini ya Muingereza, viti vilikuwa 22. Vyama vilikuwa vitatu, ASP walipata 10, ZNP 9, ZPPP 3. Na katika hizo 10 za ASP, kiti cha Chake Chake walikipata kwa kura moja tu. Moja bwana. Wale watatu wa ZPPP wakagawika, wawili wakaenda ZNP, mmoja akaenda ASP, ikawa 11 kwa 11, serikali haikuweza kuundwa. Ikabidi uchaguzi urudiwe Juni mwaka ule ule, viti vikaongezwa kimoja viwe 23 kusiwe na sare tena, na safari hio kukatokea fujo mbaya Unguja, watu 68 wakafa.

Mtu mmoja Chake Chake angeumwa tumbo siku ile, au mmoja wa upande wa pili angepona homa yake, sare isingetoka vile na pengine kusingekuwa na uchaguzi wa Juni. Sisemi mapinduzi ya 1964 yasingekuwa, hayo yana mizizi mirefu. Lakini wazee kwetu wakitaja kura moja hawatoi mfano, wanakumbuka.

Hassan_wa_Kiunga

Na jirani zetu Somaliland 2003, tume ilitangaza Riyale amemshinda Silanyo kwa kura 80. Urais huo! Nchi ambayo wakati ule haikuwa imetambuliwa na yeyote. Silanyo akaenda mahakamani akashindwa akakubali, akangoja mpaka 2010 akashinda. Watu hawakushika bunduki kwa kura 80, hilo pia niliona niliseme.

KobeMzee

Mmekuja na mifano ya kuchagua. Kwa kila kiti kilichoamuliwa na kura 21 kuna viti mia vimeamuliwa kwa maelfu. Mbona hamvitaji hivyo? Ukweli wa hesabu, nafasi ya kura YANGU kuamua rais ni ndogo kuliko nafasi ya kupigwa na radi nikiwa nalala. Nijibuni hilo bila hadithi.

Mwana_wa_Mkomani

@KobeMzee hapo umesema kweli na sitakupinga. Ukiiangalia kura yako peke yake kwa rais, haiamui. Mimi nasema tuigeuze hesabu.

2022 Ruto alitangazwa na 7,176,141, Raila 6,942,930. Tofauti laki 2 na elfu 33. Inaonekana bahari. Lakini vituo vilikuwa 46,229. Gawa. Inakuja watu watano kila kituo. Watano! Hao ni watu wa baraza moja kabla kahawa haijaiva. Tena ukitaka zaidi, ile nusu ya kura anayotakiwa mshindi kuipita, aliipita kwa elfu 69 na kitu, ambayo ni mtu mmoja na nusu kila kituo. 2013 ilikuwa tamu zaidi, Uhuru alitangazwa na asilimia 50.07, aliivuka nusu kwa kura elfu 8 na kitu nchi nzima, vituo elfu 33 na ushei, yaani mtu mmoja kwa kila vituo vinne ndio aliyetutenga na duru ya pili.

Na waliokaa nyumbani 2022? Walioandikishwa milioni 22 na laki moja, waliopiga milioni 14 na kitu. Karibu milioni 8 hawakutokea. Wale waliokaa ni wengi kuliko waliompigia mshindi. Kila mmoja wao alikuwa na hesabu yako ya radi, na kila mmoja hesabu yake ilikuwa sahihi. Hapo ndipo mimi nachanganyikiwa na hesabu hio, inakuwa sahihi kwa mtu mmoja mmoja alafu ukiwajumlisha inakuwa upuzi.

Ya udiwani hata sitaki kukuandikia. Wadi ya Basuba nzima watu wanaijuana kwa ukoo.

Binti_Faza

Mimi niseme yangu ya 2022, sio ya hesabu.

Nakaa Amu kwa kazi lakini napigia Faza. Siku ile boti yetu ilikuwa iondoke asubuhi na maji yakiwa yamejaa, nahodha akangoja abiria, akangoja, mnawajua manahodha wetu, tukaondoka maji yashaanza kupwa. Kufika Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, boti ikakaa mchangani. Tuko watu 19, kuku wawili na friji ya mtu. Nahodha akasema shukani nyote musukume. Wanawake tukashuka na mabuibui yetu, maji magotini, tope, tunasukuma na kuomba dua na kumtukana nahodha kwa zamu. Haikutoka. Tulikaa pale zaidi ya masaa matatu jua la utosi tukingojea maji.

Tulifika Faza saa 11 kasoro dakika kumi. Tulipanda kutoka bandarini mbio, viatu mkononi. Wawili wetu wakasema wao waone haya kuingia kituoni wamelowa, wapite nyumbani wabadilishe nguo kwanza, ni dakika tano tu. Walipokuja geti lishafungwa. Mimi niliingia na tope mpaka kiunoni, karani akaniangalia akacheka akanambia weka kidole. Kidole cha mashine hakikusoma mara mbili kwa sababu ya tope, nikafuta na mtandio.

Wale wawili mpaka leo ukiwauliza walimpigia nani wanabadilisha maneno.

Kijana_wa_Gongoni

😂😂😂 friji nayo ilipiga kura?

KobeMzee

Haya sasa na mimi niseme kwa nini naongea hivi, msije mkadhani ni ujeuri tu.

Mimi ni Mbajuni, mtu wa visiwa vya huku. Kitambulisho nilikisaka miaka minne. Ofisi moja, siitaji, nilikwenda mara sijui ngapi, leta cheti cha baba, leta cha babu, babu yangu alizaliwa kisiwani kabla hio serikali yenyewe haijaja nikitoe wapi cheti? Leta wazee wa kijiji waje waapie wewe ni wa hapa. Wazee wakaja kwa boti kwa nauli yangu, wakaambiwa bwana mkubwa leo hayupo. 2022 wenzangu wanaenda kupiga mimi sina kitambulisho. Alafu mtu aje anambie kura yangu ina uzito mara 30. Uzito upi, wakati kuthibitisha tu kwamba mimi ni mtu ilikuwa miaka minne?

Kimetoka mwaka jana. Kiko kwenye kasha la mama.

Mwana_wa_Mkomani

Subhanallah. Ami, hapo sina la kukujibu na hesabu zangu zote zile. Niwie radhi kama nilikuandikia kama mtu mvivu.

Karani_Dada

@KobeMzee pole sana kakangu. Na hilo watu wa bara wengi hawalijui, wanadhani kila asiyepiga ni uzembe.

Nitasema la kazi tu. Uandikishaji unaendelea, ofisi ya tume ya uchaguzi ya eneo bunge inapokea siku za kazi, unakwenda na kitambulisho chenyewe, sio kopi. Uchaguzi ni 10 Agosti 2027, na kabla ya hapo orodha itafungwa. Ukishajiandikisha kituo, ni hicho hicho tu, huwezi siku ile kuingia kituo kilicho karibu nawe. Kwa hio fikiria siku ile utakuwa wapi.

KobeMzee

Hapo ndipo. Agosti mimi niko dago, kambi ya uvuvi, kisiwani Kiwayu, kusi ishaanza kulegea, ndio wakati wa kutafuta. Nikijiandikisha Amu nani atanitoa Kiwayu?

Hassan_wa_Kiunga

Jiandikishe huku huku Lamu Mashariki basi, si uko huku nusu ya mwaka.

KobeMzee

Na nikiwa sikwenda dago mwaka ule? Samaki hana kalenda ya tume.

Mwana_wa_Mkomani

Jiandikishe Amu. Sisi vijana wa baraza tutachanga mafuta, boti itoke hapa usiku wa tarehe 9 na maji yakiwa juu ije iwachukue Kiwayu wote mliopo, asubuhi mko Mkunguni. Niko seriasi.

Karani_Dada

Mchange wenyewe. Msichukue hata lita moja ya mheshimiwa yeyote, mkichukua tu basi boti ishakuwa yake.

Binti_Faza

Na nahodha asiwe yule wangu tafadhali.

KobeMzee

Sijasema ndio. Nauliza tu, injini ya ngapi?

Mwana_wa_Mkomani

Ya nguvu za farasi 40, ya mjomba wangu.

KobeMzee

Hio yanywa kama ngamia, mtaishiwa kabla ya Mkanda. Tafuteni ya 15.